Gumzo la Ukoo wa Ngomeni: Kesho Zuwena Aseme Nini?

*11 Desemba, baada ya alasiri*

Zuwena: Shikamooni nyote. Naomba msaada wenu. Kesho jioni kuna hafla ya vijana ya Jamhuri hapa ukumbini, na mimi nimepewa dakika tano nizungumzie jambo la sayansi au teknolojia lililotokea tarehe 12 Desemba, mwaka wowote. Nimeandika ukurasa mzima nikaufuta, nikaandika tena nikafuta.

Mama Zuwena: Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni ila chai. Msaidieni huyu mtoto.

Kaka Nairobi: Marahaba. Wewe sema Apple. 12 Desemba 1980 ndiyo siku hisa zake zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza. Hisa milioni 4.6, kila moja dola 22, na soko lilipofungwa siku hiyo bei imefika dola 29.

Dada Toronto: Hiyo ni habari ya soko, mdogo wangu, si ya sayansi. Zuwena, mimi nashinda na bodi za umeme mezani, basi nitakutajia mtu wangu. Robert Noyce, kazaliwa 12 Desemba 1927 kule Burlington, Iowa. Mwaka 1958 mhandisi Jack Kilby alionyesha kwamba saketi nzima yaweza kukaa katika kipande kimoja, lakini alikuwa bado anaunganisha kwa vijiwaya. Mwaka uliofuata Noyce akapata njia ya kutandika njia za umeme juu ya silikoni yenyewe. Hapo ndipo chipu zikawezekana kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1968 yeye na Gordon Moore wakaanzisha Intel, kampuni ya chipu.

Zuwena: Vizuri, Da, lakini kuzaliwa si tukio la sayansi. Mwalimu wa hafla atanikatisha.

Kaka Nairobi: Basi chukua hii. 12 Desemba 1991, Paul Kunz aliwasha seva ya kwanza ya wavuti nje ya Ulaya, yaani kompyuta inayogawa kurasa, kwenye maabara ya fizikia ya SLAC pale Stanford, California. Wavuti ulikuwa umezaliwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kwa Tim Berners-Lee, na Kunz alikwenda huko akauona, aliporudi akauunganisha na hazina ya makala za fizikia. Wanafizikia wa dunia nzima wakaanza kutafuta makala bila kutoka kitini.

Zuwena: Hiyo naiweka akiba.

Babu Mdogo Muscat: Assalaam aleikum. Nimetoka kuswali nikakuta mmefika mbali. Mjukuu wangu, hao wote wametaja vitu vya juzi. Nenda 1901.

Babu Mdogo Muscat: Mimi nimekaa miaka kwenye chumba cha redio melini, kidole juu ya kibonyezo cha Morse, kwa hiyo hii naijua kama naijua njia ya msikitini. 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi, yule Mtaliano wa mambo ya redio, alikuwa juu ya kilima cha Signal Hill, mji wa St. John's, Newfoundland, ambayo leo ni Kanada. Ng'ambo ya Atlantiki, Poldhu, huko Uingereza, watu wake walikuwa wakituma herufi moja tu, tena na tena. S. Nukta tatu. Ti ti ti.

Babu Mdogo Muscat: Upepo wa Newfoundland mwezi wa Desemba si mchezo. Puto walilotaka linyanyue waya lilichukuliwa siku moja kabla. Siku yenyewe tiara la kwanza likakata likaenda zake. La pili likasimama na waya wake wa mita 150 hivi, likiyumba juu chini. Marconi kaweka kisikizio sikioni. Mchana, saa sita na nusu hivi, akampa msaidizi wake George Kemp, akamwuliza kama asikia kitu. Kemp naye akasikia. Nukta tatu, kutoka zaidi ya kilomita 3,000.

Mama Zuwena: Subhanallah. Kwa tiara?

Babu Mdogo Muscat: Kwa tiara, mwanangu. Wako waliomtilia shaka, kwa kuwa waliosikia ni yeye na Kemp tu. Ndiyo maana Februari 1902 akapanda meli ya Philadelphia na mashine ya kuandika nukta kwenye ukanda wa karatasi, ili nahodha aone kwa macho yake. Mtu anayerudi na ushahidi namheshimu.

Zuwena: Babu Mdogo, lakini dunia ni mviringo. Wimbi lilipitaje? Si lingenyooka likaenda zake angani?

Mjomba Malindi: Hilo ndilo swali, Zuwena! Nilikuwa nasahihisha karatasi nikasema nitaingia baadaye, lakini umenitoa.

Mjomba Malindi: Huko juu, kuanzia kama kilomita 60 na kwenda mamia, kuna tabaka la hewa lenye chembe za umeme. Tunaliita ayonosfia. Mawimbi ya redio yakilifika hupinda yakarudi chini, kama mpira unaopiga dari. Marconi hakulijua. Mwaka uliofuata, 1902, ndipo wanasayansi Kennelly na Heaviside, kila mmoja kwake, waliposema lazima kuna kitu juu kinachorudisha mawimbi. Ndiyo maana Babu yako Mdogo usiku alikuwa akinasa idhaa za mbali kwenye redio ya mawimbi mafupi, na mchana zikawa hazishikiki vile.

Babu Mdogo Muscat: Kweli kabisa. Usiku bahari huwa ndogo.

Mjomba Malindi: Na tabaka hilo linatengenezwa na nini? Na miale ya jua, ya urujuanimno mkali na ya eksirei, inayogonga hewa ya juu na kuzichomoa elektroni. Hewa inaikamata miale hiyo huko huko, chini haitufikii, na tungefikiwa nayo tusingekuwa hai. Kwa hiyo tuna dari juu yetu. Kwa Marconi dari ilikuwa msaada. Kwa mtu anayetaka kuona eksirei za nyota, dari hiyo hiyo ni kizuizi. Itabidi atoke nje ya nyumba.

Mjomba Malindi: Na mtu huyo alipotoka nje, alipitia kwetu. Zuwena, weka kalamu chini unisikilize. Tarehe ni ile ile, 12 Desemba. Mwaka 1970. Mahali ni Ngomeni.

Kaka Nairobi: Ngomeni ipi?

Mjomba Malindi: Ngomeni yenu. Yale majukwaa ya chuma mnayoyaona baharini. San Marco na Santa Rita.

Zuwena: Yale ya Wataliano? Mimi nilidhani ni ya mafuta.

Mjomba Malindi: Na hilo ndilo linaloniuma. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu, na kila mwaka wengi wanajibu hivyo hivyo. Yale ni majukwaa ya kurushia roketi. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma ndiye aliyeyasimamia. Setilaiti ya kwanza iliondoka hapo Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988. Walipachagua kwa sababu tuko karibu na ikweta. Hapa ardhi inazunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapewa mwendo huo bure kabla haijachoma hata tone la mafuta. Na mashariki ni bahari tupu, ikianguka haimdhuru mtu.

Mjomba Malindi: Siku hiyo walirusha setilaiti ya Marekani, ya NASA, ya kilo 140 na ushei, kwa roketi ya Scout. Meneja wa mradi alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Mkuu wa wanasayansi alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-1. Lakini kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, mwaka wa saba tangu 1963, wakaipa jina la Kiswahili. Uhuru. Fungua vitabu vya elimu ya anga vya ng'ambo, mara nyingi utalikuta jina hilo hilo.

Dada Toronto: Mimi nimesoma fizikia hapa miaka minne na jina la Uhuru nimelikuta kitabuni. Sikujua limetoka nyumbani. Nimepigwa na butwaa.

Kaka Nairobi: Mimi Uhuru niliyokuwa naijua ya anga ni Luteni Uhura wa Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya 1966, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake pia limetolewa kwenye neno letu, wamebadilisha irabu ya mwisho tu.

Mjomba Malindi: Naam. Na Nichols mwenyewe baadaye aliisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi waje kuwa wanaanga. Lakini tusitoke Ngomeni.

Shangazi Ngomeni: Jamani ngojeni. Nilikuwa namsomea Baba haya yote hapa barazani. Amenishika mkono. Asema niandike maneno yake kama yalivyo.

Zuwena: Babu?!

Shangazi Ngomeni: Haya, Babu anasema: "Mimi niliiona. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku za kurusha hatukupeleka vyombo upande ule, kwa hiyo ngalawa ilikuwa imepandishwa, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya mchanga nafuma wavu uliochanika. Jua kali. Tulikuwa tumeshangoja mpaka wengine wamerudi majumbani. Nikaona moshi mweupe umetoka chini ya jukwaa, na ndani yake moto. Kimya. Inapanda, na hakuna sauti. Halafu ndipo kishindo kikaja, nikakisikia hapa kifuani kabla sijakisikia masikioni. Kuku wote wa nyuma ya nyumba wakapiga kelele."

Mjomba Malindi: Mzee, sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Ndiyo maana uliiona kwanza kimya kimya.

Shangazi Ngomeni: Anasema: "Tuliambiwa inaitwa Uhuru, tukafurahi, tukala pilau. Lakini ilikwenda kuona nini, hakuna aliyekuja kutuambia. Mpaka leo. Mwalimu, niambie iliona nini."

Mama Zuwena: Kakangu, mwambie Mzee taratibu. Shangazi atamsomea.

Mjomba Malindi: Naandika, Mzee. Niwie radhi nikirefusha.

Mjomba Malindi: Kabla ya siku ile, watu waliotaka kuona eksirei za angani walirusha roketi ndogo zilizopanda zikaanguka. Muda wao nje ya hewa ulikuwa dakika chache tu. Ni kama kuitazama bahari kwa kufungua dirisha mara moja na kulifunga. Hivyo hivyo Giacconi na wenzake mwaka 1962 waligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua na sayari zake. Uhuru ilikaa juu. Ilizunguka dunia juu ya ikweta kila dakika 96, na yenyewe ikijigeuza polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikilipekua anga utepe kwa utepe. Vipokezi viwili, kimoja upande huu, kingine upande wa pili. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973.

Mjomba Malindi: Iliona nyota zinazopiga kama mapigo ya moyo. Moja, Centaurus X-3, hupiga kila baada ya sekunde 4.8. Ni nyota iliyokufa, ndogo kama mji, nzito kuliko jua, na ina mwenzake aliye hai. Inamnyonya. Gesi ya mwenzake inapoanguka juu yake hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na joto hilo ndilo linalotoa eksirei. Tena kila baada ya siku mbili mapigo hukatika, kwa kuwa mwenzake mkubwa amepita mbele akaifunika.

Mjomba Malindi: Na nyingine, Cygnus X-1. Hii haikuwa na mapigo ya mpango. Ilimetameta ovyo, kwa haraka ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo sana. Wenye darubini wakaitafuta, wakaona nyota kubwa ya buluu inazunguka na kitu kisichoonekana, na walipokadiria uzito wake ukazidi ule ambao nyota iliyokufa ya aina ile nyingine yaweza kuubeba. Mzee, hilo ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walikubali kuliita hivyo. Nuru ikiingia haitoki. Fununu yake ilikwishakuwapo, lakini Uhuru ndiyo iliyolionyesha kidole.

Mjomba Malindi: Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Mwaka 2002 Giacconi akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Babu Mdogo Muscat: Kaka yangu, miaka yote hii tumekula sahani moja na hukuniambia uliiona ile roketi?

Shangazi Ngomeni: Anasema: "Hukuniuliza. Ulikuwa chuoni Mombasa."

Zuwena: Nimepata. Babu Mdogo usinikasirikie, Marconi nitamtaja mwanzoni, nusu dakika, kwa sababu ya dari. Zilizobaki zote Uhuru. Babu, naweza kusema habari ya wavu na kuku?

Shangazi Ngomeni: Amesema ruhusa. Usisahau kuku.

Mama Zuwena: Kesho Babu aletwe ukumbini. Nitamtuma mtu na tuktuk saa tisa. Akae mbele.

Dada Toronto: Mtu arekodi tafadhali, yote, si kipande.

Shangazi Ngomeni: Adhana ya Maghribi hiyo. Tutarudi.

*Baada ya Maghribi*

Shangazi Ngomeni: Baba ameuliza swali wakati natandika mkeka. Ile Uhuru bado iko juu?

Mjomba Malindi: Hapana, Mzee. Ilishuka kidogo kidogo, ikaingia hewani na kuungua mwaka 1979. Lakini ilichokiona kipo. Toka nje sasa hivi, tazama kaskazini magharibi, chini kidogo. Kuna nyota zimekaa umbo la msalaba. Karibu na katikati ya ule mti mrefu wa msalaba ndipo ilipo Cygnus X-1. Kwa macho haionekani, ila mahali pake ni hapo.

Shangazi Ngomeni: Ameshatoka. Amevaa kanzu na kofia yake, amesimama pale pale ngalawa zinapopandishwa. Wingu limekaa upande huo. Nimemwambia aingie ndani, upepo wa kaskazi. Amesema atangoja lipite.