Jamhuri ya Roma iliisha mwaka gani hasa?

Mdadisi
Wakuu, vitabu vingi vinataja 27 KK, Octavian, mrithi wa Julius Caesar, alipopewa jina la Augustus. Lakini makonsuli (viongozi wakuu wawili wa mwaka) waliendelea kuchaguliwa kila mwaka na Seneti, baraza la wakuu, ikakutana kama kawaida. Tupime kwa kigezo gani?

KalamuKavu
Mkuu, vyeo havikuguswa, kwa hiyo achana navyo. Uliza majeshi yalikuwa kwa nani. Januari 27 KK Octavian "alirudisha" madaraka kwa Seneti, nayo ikamkabidhi Hispania, Galia (takriban Ufaransa ya leo) na Syria kwa miaka 10. Vikosi vingi vilikuwa huko huko! Misri, ghala la ngano, tayari ilikuwa chini ya gavana asiye seneta, na seneta hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Kiini macho tu.

BintiZama
Majeshi sawa, ila mimi nasema 23 KK. Hadi hapo Augustus alikuwa konsuli kila mwaka, na wakubwa walinuna maana nafasi ni 2 tu. Akaachia ukonsuli, akachukua mamlaka ya tribuni (mtetezi wa raia wa kawaida) bila kuwa tribuni: kuitisha Seneti, kupeleka miswada kwa wananchi, kura ya turufu. Juu yake akapewa mamlaka ya kijeshi inayozidi ya magavana wote. Zamani kila mamlaka ilikuja na cheo, na cheo kilikuwa na muda wa mwaka mmoja na mwenzako wa kukupinga. Yeye alichukua mamlaka, cheo akakiacha. Caesar alifanya kinyume: Februari 44 KK akakubali udikteta wa maisha, Machi 15 wakamuua.

Mzee_wa_Hazina
Nyote mmesahau hela. Tangu jemadari Marius aandikishe wasio na ardhi mwaka 107 KK, askari alimtegemea jemadari wake apate shamba akistaafu. Ndiyo maana jemadari Sulla aliweza kuvamia Roma mwaka 88 KK, na Caesar 49 KK. Seneti haikuweka utaratibu wowote wa kudumu wa kuwalipa wastaafu hao. Mwaka 6 BK Augustus akafungua hazina ya mafao ya jeshi kwa sesterti (sarafu ya Roma) milioni 170 zake mwenyewe, kisha ikalishwa na kodi ya 5% ya urithi na 1% ya mauzo ya mnadani. Kiinua mgongo cha askari wa kawaida: sesterti 12,000.

Mdadisi
Je, askari wenyewe walielewa kwamba mafao yao yako mikononi mwa mtawala, si Seneti?

Mzee_wa_Hazina
Sana. Mwaka 14 BK, Augustus alipokufa, vikosi vya Pannonia, jimbo la mpakani kwenye mto Danube, viligoma vikidai dinari 1 kwa siku na utumishi wa miaka 16. Drusus, mwana wa Tiberius aliyemrithi Augustus, akawajibu kwamba suala hilo litapelekwa Seneti. Wakamzomea: kwenye adhabu na vita Seneti haiulizwi, inaulizwa kwenye mafao yetu tu?