Nitajuaje kwamba fumbo la waya lina jibu kabla sijalikunja?

Mwalimu wa Hisabati anauliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninafundisha shule ya sekondari na ninasimamia klabu ya hisabati inayokutana baada ya vipindi. Ninataka wanafunzi wabuni wenyewe mafumbo ya waya, yale ambayo vipande viwili au vitatu vimeshikana na mchezaji anatakiwa kuvitenganisha bila kukunja wala kulazimisha chochote. Kununua yaliyo tayari hakutanisaidia, kwa kuwa ninataka waelewe sababu ya fumbo kufunguka, na hilo hulipati kwa kulifungua tu. Tunazo spoki za baiskeli zilizotolewa kwenye magurudumu ya zamani, zenye unene wa milimita 2, pamoja na koleo, tupa na jiliwa.

Nimechora fremu yenye umbo la herufi U. Mkono wa kwanza unaishia kwa jicho linalouzunguka mkono wa pili, na mkono wa pili, ukishapita ndani ya jicho hilo, unaishia kwa jicho lake wenyewe, ambalo ni pana kiasi kwamba haliwezi kurudi nyuma. Chini ya makutano hayo, mkono wa pili umevikwa kitanzi chembamba chenye mpini mpana, na kazi ya mchezaji ni kukitoa. Kwenye karatasi linapendeza, lakini nitajuaje kwamba lina jibu? Na likiwa nalo, ni vipimo gani vitakavyolifanya liwe gumu kwa haki, badala ya kuwa gumu kwa sababu waya umebana?

Fundi Chuma anajibu:

Shikamoo mwalimu. Fumbo lako lina jibu, ila vipimo visipokaa sawa jibu hilo litapotea. Tuanze na jicho la kwanza. Likunje kwenye chuma cha duara cha milimita 10, ili kipenyo chake cha ndani kiwe milimita 10. Jicho la pili ukilikunja kwenye chuma hicho hicho, upana wake wa nje utakuwa milimita 14, kwa hiyo halitarudi kamwe kupitia jicho la kwanza. Kitanzi kiwe na nafasi ya ndani ya milimita 5, ambayo pamoja na waya wa pande zote mbili inakuwa milimita 9, na hiyo inapita ndani ya jicho la kwanza ikibakiza nafasi ndogo tu.

Sasa angalia uzuri wake. Mchezaji anaona nafasi ya milimita 5 na jicho la milimita 14, na akili inamwambia kwamba haiwezekani. Anasahau kwamba jicho ni bapa. Ukilitazama kwa ubavu, unene wake ni milimita 2 tu. Akikipitisha kitanzi ndani ya jicho la kwanza, akakipandisha sambamba na mkono wa pili, kisha akakigeuza robo mzunguko, nyaya zake mbili zitalipita jicho la pili huku na huku, na ncha ya kitanzi itavuka juu yake hadi upande wa pili. Baada ya hapo anakivuta chini kupitia jicho la kwanza na kinatoka.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usikivishe kitanzi wakati fremu bado iko wazi. Maliza fremu yote, funga kitanzi kando hadi mwisho wake, ndipo ukiingize kwa mikono bila koleo. Kikikubali kuingia hivyo, kitatoka kwa njia ile ile, na hutahitaji uthibitisho mwingine. Mafumbo mengi mabovu ninayoyaona yamefungwa huku vipande vikiwa tayari vimeshikana, na aliyeyatengeneza hajawahi kuyafungua.

Usiwape wanafunzi waya laini wa kufungia nondo. Unakunjika kwa vidole, na mtu akishaupinda kidogo hakuna tena fumbo la kuzungumzia. Spoki ni ngumu na hurudi kwenye umbo lake, na ugumu huo ndio kufuli lenyewe.

Msomaji wa Jiometri anaongeza:

Ninakubaliana na Fundi, ila mwalimu aliuliza namna ya kujua kabla ya kukunja. Ipo njia ya mawazo ambayo wanafunzi wataipenda. Chukulia kwamba kila kipande ni cha mpira unaonyooka bila kikomo, kisha jiulize kama vipande bado vimefungamana. Kama kitanzi kimepita kwenye tundu la jicho lililofungwa kama kiungo cha mnyororo kinavyoshika kiungo kingine, hakuna ujanja utakaokitoa, hata kiwe cha mpira. Kama kinauzunguka mkono wenye mwisho, cha mpira kitavutwa juu ya mwisho huo na kutoka. Fremu yako ni ya aina hii ya pili.

Fumbo maarufu la viatu viwili vya farasi vilivyounganishwa kwa minyororo mifupi linategemea wazo hilo hilo. Viatu na minyororo kwa pamoja ni duara moja, na pete iliyo katikati imezunguka pande zote mbili za duara hilo, kwa hiyo haijashika kitu chochote. Viatu vikikunjwa na kulazwa kimoja juu ya kingine, pete inateleza na kutoka.

Jaribio la mpira linakupa nusu ya jibu tu. Likikataa, fumbo halina jibu. Likikubali, bado chuma kinaweza kukataa. Tuseme umbali kutoka jicho la kwanza hadi mwanzo wa jicho la pili ni milimita 20. Ukijumlisha milimita 14 za jicho lenyewe unapata 34, kwa hiyo sehemu nyembamba ya kitanzi inapaswa kufika kama milimita 40. Ikiwa na 30, fumbo litaonekana lile lile kabisa na halitafunguka milele.

Hata kwa kamba jambo si rahisi daima. Stewart Coffin, mbunifu wa mafumbo wa Marekani, alibuni fremu ya waya inayofanana na tarakimu 8, yenye uzi uliofungwa kitanzi. Walioamini kwamba uzi unatoka hawakukosekana, na mwaka 2003 Inta Bertuccioni alichapisha uthibitisho wa kihisabati kwamba hautoki.

Mpenda Pete anajibu:

Mwalimu akitaka fumbo ambalo ugumu wake unahesabika, namshauri aongeze pete za Kichina, ambazo Cardano, mwanahisabati wa Italia, alizieleza huko Ulaya mwaka 1550. Pete zimepangwa kwenye upau mrefu, na isipokuwa ile ya kwanza, kila pete inaweza kutolewa au kurudishwa pale tu ambapo pete inayoitangulia iko juu ya upau na zote zilizo kabla ya hiyo zimeshatoka. Ukihesabu pete moja kwa kila hatua, pete 3 zinahitaji hatua 5, pete 5 hatua 21, pete 7 hatua 85, na pete 9 hatua 341. Kila pete inayoongezwa huufanya mzigo uwe takriban mara mbili.

Mwaka 1872 Mfaransa Louis Gros alionyesha kwamba hali za pete hizo zinaweza kuandikwa kwa tarakimu 0 na 1, zikibadilika moja tu kwa kila hatua. Mpangilio huo huo ndio ambao Frank Gray wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alipata hataza yake (haki ya kisheria ya uvumbuzi) mwaka 1953, na leo unatumika katika vifaa vya kupimia mzunguko. Kwa klabu ya shule ningeishia pete 5.

Mwalimu wa Hisabati:

Nawashukuru sana. Tutaanza na fremu ya U, tukijaribu kwanza kwa kitanzi cha uzi kabla ya kukunja spoki ya pili, kisha tutakwenda kwenye pete. Limebaki jambo moja: jicho la pili lielekee upande gani?

Fundi Chuma:

Lilaze bapa katika usawa wa fremu. Mtu akiliweka fumbo mezani, fremu na kitanzi vyote hulala, na katika hali hiyo milimita 5 haziwezi kulimeza jicho. Ni lazima akiinue kitanzi kisimame ndipo kipite. Ukiligeuza jicho lisimame, kitanzi kitatakiwa kulala, na mpini wake unaweza kugonga mkono wa kwanza kama mikono yako imekaribiana. Mianya ya macho yote mawili ibaki chini ya milimita 2, na zile ncha uzisugue kwa tupa kabla ya kuwapa watoto.