Mjadala: Je, Bund waliwapotosha Wayahudi wa Poland?

Mleta Mada
Wakuu, swali hili limenikaa rohoni. Kati ya vita vikuu viwili Poland ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 3, karibu mmoja katika kila watu kumi. Wazayuni wakawaambia: fungeni virago, twendeni Palestina tukajenge kwetu. Bund, chama cha kisoshalisti cha Wayahudi kilichoanzia Vilna (leo Vilnius, Lithuania) mwaka 1897, kikasema: tumezaliwa hapa, haki zetu tutazidai hapa. Wana neno lao, doikayt, tuseme "uhapahapa". Na watu waliwakubali. Uchaguzi wa baraza la jiji la Warszawa, Desemba 1938, viti 20 viliangukia vyama vya Kiyahudi, Bund wakabeba 17. Haukupita mwaka, Hitler huyo kaivamia Poland. Mimi nasema waliwapotosha watu. Waling'ang'ania Poland na Kiyidishi chao, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, Kijerumani kilichovunjika, wakati wenzao Tel Aviv huko Palestina wanafufua Kiebrania cha mababu. Karibuni.

Binti Kibokoni
Ya Bund nitayarudia. Kwanza futa hilo la Kijerumani kilichovunjika. Sensa ya 1931, Wayahudi wanane katika kila kumi wa Poland walitaja Kiyidishi kuwa lugha yao ya mama. Walikuwa na magazeti ya kila siku, shule, michezo ya jukwaani, mikutano ya wafanyakazi, matusi na nyimbo za kubembeleza watoto, vyote kwa lugha hiyo. Kilichovunjika ni kipi?

Mleta Mada
Dada, hasira za nini? Msamiati mwingi asili yake ni Kijerumani, hilo halina ubishi. Na si mimi niliyeanza. Wasomi wa Kiyahudi wenyewe walikiita jagoni.

Binti Kibokoni
Msomi anayeionea haya lugha aliyonyonya kwa mamake si shahidi. Mimi nilichapwa darasani kwa kuandika "ndia" badala ya "njia", nikaambiwa hicho si Kiswahili. Nyanya yangu wa Mombasa hakutamka "njia" hadi anaingia kaburini. Ndiyo maana nikisikia "kilichovunjika" napandwa na mori.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, polepole. Waliokitetea Kiyidishi kwa kazi ya mikono ni YIVO, taasisi iliyoundwa mwaka 1925 na makao yake yakawa Vilna. Max Weinreich na wenzake waliwaomba watu wa kawaida waandike methali, nyimbo na visa kama vinavyosemwa kwao, wavitume. Katika miaka ya 1930 wakawaomba vijana waandike habari za maisha yao wenyewe, zikaja zaidi ya 600. Na ni Weinreich huyo aliyesema lugha ni lahaja yenye jeshi la nchi kavu na la majini.

Mtu wa Moshi
Shikamoo Mwalimu. Hapo pa jeshi naomba kusahihisha. Weinreich aliyasikia maneno hayo kwa mtu mmoja aliyehudhuria mihadhara yake, akayachapisha mwaka 1945.

Sasa nirudi kwa mleta mada. Unasema waende. Wapite mlango gani? Marekani iliufunga kwa sheria ya 1924. Mwaka 1925 Wayahudi zaidi ya 30,000 waliingia Palestina, wengi wao wachuuzi wa Poland waliokimbia kodi za serikali ya Waziri Mkuu Grabski. Uchumi ukaanguka, na mwaka 1927 waliotoka Palestina walikuwa wengi kuliko walioingia. Mei 1939 Waingereza, waliokuwa wakiitawala Palestina, wakatangaza kuwa wataruhusu Wayahudi 75,000 waingie kwa miaka mitano, basi. Chukua milioni 3, toa 75,000, uniambie Bund walimzuia nani.

Mleta Mada
Mkuu, kati ya 1933 na 1936 mlango ulikuwa wazi kiasi. Mwaka 1935 peke yake waliingia zaidi ya 60,000. Kila aliyeambiwa "subiri" miaka ile alikuwa na jina na watoto. Hilo ndilo linaloniuma, na hamlijibu.

Mzenji wa Maskati
Mimi limenichoma jingine. "Tukajenge kwetu." Kwetu kwa nani? Palestina ilikuwa na wenyewe, wakulima wa Kiarabu waliokuwa wengi, na waliinuka 1936 hadi 1939 kwa damu. Mnauzungumzia mlango kana kwamba nyumba ilikuwa tupu.

Mleta Mada
Hiyo ni mada nyingine, Sheikh.

Mzenji wa Maskati
Ni hiyo hiyo. Huyo Mwingereza uliyetajiwa hapo juu aliufunga mlango kwa sababu ya maasi hayo.

Binti Kibokoni
Na hicho Kiebrania cha mababu unachokisifia, uliza kilipandwaje. Tel Aviv kulikuwa na kikosi cha vijana, Walinzi wa Lugha, tangu 1923. Mwaka 1930 sinema ya Kiyidishi ilipoonyeshwa ukumbi wa Mograbi walifanya fujo, wakarushia pazia wino. Lugha ya mama zao! Wino!

Mwalimu Mstaafu
Kila taifa linalojijenga huchagua, binti yangu. Sisi nasi mwaka ule ule wa 1930 tulipata Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Kiunguja kikawa msingi, mambo yakanyooka.

Binti Kibokoni
Yakanyooka kwa nani, Mwalimu? Kimvita kilikuwa na tenzi na barua kabla kamati haijazaliwa!

Mzenji wa Maskati
Kiunguja nacho kimewakosea nini? Hatukukiomba kichaguliwe.

Binti Kibokoni
Hamkukataa pia.

Mtu wa Moshi
Jamani. Naomba niseme moja kuhusu hao mnaosema walikaa tu. Machi 1936 Wayahudi walishambuliwa na kuuawa Przytyk, mji mdogo wa Poland. Siku chache baadaye Bund waliitisha mgomo, maduka na karakana za Wayahudi zikafungwa nchi nzima, na wafanyakazi wengi wa Kipoland wakajiunga. Na nje kidogo ya Warszawa, pale Miedzeszyn, tangu 1926 walikuwa na nyumba ya watoto waliotishiwa na kifua kikuu, watoto wa vyumba vya chini visivyoona jua. Ilipewa jina la Vladimir Medem, kiongozi wa Bund. Watoto walijichagulia baraza lao, wakagawana zamu za kazi, wakasoma na kuimba kwa Kiyidishi. Agosti 1942 Wajerumani waliwachukua watoto na walezi wao wakawapeleka Treblinka, kambi ya mauaji. Hawa ndio mnaowaita wapotoshaji. Mimi siwezi.

Mleta Mada
Neno "kilichovunjika" nalifuta. La Bund sijalifuta.

Binti Kibokoni
Nimesikia. La Bund nilisema nitarudi, nitarudi kesho. Mwalimu, wewe bado hujanijibu la Kimvita.