Tupeane uzoefu: unamtambuaje inzi kidomozi, na alama zipi hudanganya?

Mboga_Mbichi
Wadau, tuwazungumzie inzi vidomozi, wale ambao mabuu yao huchora michirizi myeupe kwenye majani ya nyanya, maharage machanga, njegere na viazi. Kwa Kenya na Tanzania wasumbufu wakubwa ni watatu, wote wa jenasi ya Liriomyza: trifolii, sativae na huidobrensis. Bawa lina urefu wa kati ya mm 1.25 na 2.25 tu, kwa hiyo bila kioo cha kukuza mara 10 wote wataonekana ni inzi mmoja. Taja alama unayoitegemea na inakokosea.

Mimi huanza na ngao, ile pembetatu ndogo mwisho wa mgongo, katikati ya mashina ya mabawa. Liriomyza hawa wanayo ya njano kali. Ukikuta nyeusi na mwili wote unang'aa kwa weusi, mfikirie inzi wa maharage, Ophiomyia, ambaye buu wake hushuka hadi kwenye shina.

Kioo_Mkononi
Baada ya ngao, nenda utosini. Nyuma ya kila jicho kuna nywele ngumu mbili, ya ndani na ya nje. Angalia zimeota kwenye rangi gani:

- trifolii: zote mbili kwenye njano
- huidobrensis: zote mbili kwenye nyeusi
- sativae: ya nje kwenye nyeusi, ya ndani haitabiriki

Kisha mgongo na mapaja. Trifolii ana mgongo wa kijivu kama umepakwa majivu, na mapaja karibu yote ya njano. Sativae mgongo wake ni mweusi wa kung'aa. Huidobrensis ndiye mkubwa na mweusi kuliko wenzake, mapaja ya njano yakiwa na michirizi myeusi.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza, kuua inzi aliyetoka muda huo huo kwenye pupa (hatua ya kati ya buu na inzi): rangi bado haijakolea, na huidobrensis anaweza kusomeka kama trifolii. Mwache siku nzima kwenye chupa yenye pamba iliyoloweshwa asali na maji. La pili, kuangalia mgongo ungali umelowa spiriti. Ule ujivu hauonekani ukiwa na maji, na trifolii anageuka sativae. Mkaushe kwanza.

Mdau wa Njoro
Wanaosoma michirizi peke yake wapunguze kujiamini. Ni kweli huidobrensis hupenda kufuata mshipa mkuu na mishipa ya pembeni, na mara nyingi njia yake huonekana upande wa chini wa jani. Wenzake huzungukazunguka upande wa juu. Lakini jani likiwa dogo, au mabuu yakiwa mengi humo, njia zinaungana na mchoro wote unaharibika. Mwinuko nao ni dalili tu: nyanda za juu za Kenya huidobrensis ndiye anayetawala, wengine wawili ni wengi zaidi chini. Trifolii aliingia Kenya 1976 na vipandikizi vya krisanthemamu kutoka Florida.

Kwenye nyanya usimchanganye na kantangaze. Yule ni kiwavi mwenye kichwa kigumu na miguu, na huacha baka pana badala ya uzi. Pasua jani uone: buu wa inzi hana kichwa wala miguu, ana ndoano nyeusi tu mdomoni.

Pupa_Kahawia
Kupata inzi wazima: chuma majani yenye mabuu ya njano, yapange kwenye boksi lililotandikwa karatasi ya kunyonya maji. Mfuko wa plastiki hutoa jasho na jani huoza kabla buu hajakomaa. Buu hukata tundu, hudondoka na kuwa pupa nje ya jani. Ukikuta pupa imebaki ndani ya jani la njegere, hasa vitundu vya pumzi vikichungulia nje, huyo si mmoja wa watatu hawa. Mfikirie Chromatomyia horticola.

Okota pupa kwa brashi laini, weka kwenye chupa yenye karatasi nyevu kidogo. Kwenye nyuzi 20 hadi 30 hutoka kwa siku 7 hadi 14. Akitoka mdudu wa kijani cha metali mwenye mabawa manne, ni nyigu anayewala vidomozi, si kidomozi.

Mabuu yaliyokomaa nayo yana alama. Mwisho wa mwili kuna vitundu viwili vya kupumulia. Trifolii na sativae kila kimoja kina vijitundu 3. Huidobrensis 6 hadi 9. Inahitaji hadubini.

Maabara_Ndogo
Yote hayo yanakupa dhana nzuri. Kuthibitisha kwa umbo ni kwa dume. Kata tumbo, lichemshe kwenye potasiamu haidroksaidi ya 10% kwa dakika chache, lisuuze kwa maji, litie kwenye gliserini, kisha chambua kiungo cha uzazi. Ncha yake ikiwa na vifuko viwili vinavyogusana ukingoni, ni huidobrensis. Kifuko kimoja kilichobanwa sana katikati ni trifolii. Kilichobanwa kidogo ni sativae. Ukichemsha kupita kiasi, ncha inalainika na kupoteza umbo.

Majike hayatenganishwi hivyo. Wahifadhi kwenye ethanoli ya 95% kwa kipimo cha DNA, wa kuangalia umbo kwenye 70%, na uandike jina la zao kwenye lebo kwa penseli, maana wino wa kalamu hufutika humo.