Kimtungi cha kuzima moto ndani ya boksi la sola: kinatosha?

Msimamizi wa Maziwa, Rungwe

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wa mafundi umeme na wa yeyote aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto. Ninasimamia kituo kidogo cha wafugaji cha kukusanya maziwa, si mbali na Tukuyu. Tunapoza maziwa kwa umeme wa jua: inveta mbili (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli na betri uwe kama wa majumbani) za kilowati 5 kila moja, betri za lithiamu za volti 48, na paneli juu ya paa. Inveta, betri na boksi la swichi na fyuzi viko katika chumba kimoja cha matofali, ila ukuta wa ndani umepigwa mbao za msonobari kwa ajili ya baridi, na inveta zimefungwa juu ya mbao hizo hizo.

Wiki mbili zilizopita mlinzi alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Tulipofungua boksi tulikuta ncha ya waya mmoja wa paneli imekuwa nyeusi, na swichi iliyoushika imeyeyuka upande mmoja. Fundi aliyetufungia alibadilisha swichi, akasema ni bahati mbaya, akaondoka. Muuzaji wa vifaa naye anatushauri tununue kimtungi cha gesi kinachofungwa ndani ya boksi na kujifyatua chenyewe joto likizidi. Kwa kikundi chetu bei yake si ndogo, na ni mimi nitakayesimama mbele ya kamati kuitetea. Gari la zimamoto likitoka Mbeya mjini lina takribani kilomita 70 za milima na kona kabla ya kutufikia, hivyo moto ukianza tutakuwa peke yetu kwa muda mrefu. Je, kimtungi hicho kitatuokoa?

Fundi wa Mafinga

Ndugu msimamizi, pole kwa mshtuko, na mlinzi wako anastahili shukrani ya kamati nzima. Nianze kwa kukataa neno bahati mbaya. Ncha ya waya haiwi nyeusi bila sababu, na sababu hiyo isipotafutwa swichi mpya itaungua kama ile ya kwanza.

Moto mwingi wa mitambo hii huanzia kwenye maungio. Waya ukikazwa nusunusu, au nyuzi zake chache zikibaki nje ya skrubu, umeme unapita mahali pembamba na pale panachemka. Chukua upande wa betri: inveta ya kilowati 5 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote inavuta zaidi ya ampea 100 kutoka betri ya volti 48. Ungio likiwa na ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 0.01 tu, ampea 100 zinazalisha hapo joto la wati 100, sawa na balbu kubwa ya zamani iliyofungiwa ndani ya boksi la plastiki mchana kutwa. Joto linalegeza skrubu, skrubu ikilegea ukinzani unapanda, na ukinzani ukipanda joto linazidi. Kwenu Rungwe kuna jambo la pili, nalo ni ukungu na mvua. Unyevu ukiingia kwenye boksi unakula shaba, na nimewahi kufungua boksi nikakuta mjusi aliyekauka kati ya waya chanya na hasi. Waya ziingie kwa chini, kila tundu liwe na kizibo cha mpira kinachobana.

Sasa, umeme wa paneli na betri una tabia ambayo mafundi waliozoea umeme wa majumbani huisahau. Umeme wa TANESCO unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mara 100 kila sekunde unapita kwenye sifuri, na cheche ikitokea inapata nafasi ya kukatika. Umeme wa DC, yaani huu wa paneli na betri unaokwenda upande mmoja tu, haupiti kwenye sifuri hata mara moja. Cheche ikishika inaendelea kuwaka mithili ya moto wa kuchomelea vyuma mpaka kitu kiukate. Ndiyo maana swichi ya umeme wa kawaida haifai kabisa kwenye waya za paneli, hata kama ampea zilizoandikwa zinatosha. Kuna pia swichi halisi za DC zenye alama za chanya na hasi ambazo zikifungwa kinyume haziwezi kuzima cheche zake zenyewe, na siku zinapotakiwa kukata ndipo zinapoungua. Ningekuwa hapo, hicho ndicho ningekitazama kwanza.

Kuhusu kimtungi, kifaa chenyewe ni cha kweli na kina kazi yake. Aina mojawapo ina mpira mwembamba unaozungushwa ndani ya boksi. Moto ukiugusa unapasuka na gesi inatokea papo hapo. Lakini gesi inazima pale tu inapobaki ndani. Boksi la swichi lililofungwa vizuri linaweza kuishika. Inveta yenye feni na matundu ya hewa itaipuliza nje kabla haijafanya kazi, na kuziba matundu hayo ni kuiua inveta kwa joto. Zaidi ya hayo, gesi haikati umeme: mwali utazimika, lakini cheche ikiwa bado inalishwa na paneli, gesi ikiisha moto unarudi. Kama mtanunua, kifungwe kwenye boksi la swichi na kiunganishwe na kifaa kinachokata umeme wa paneli na wa betri kwa pamoja. Kama fedha ni ya jambo moja tu, ianze na maungio, swichi sahihi na fyuzi ya betri iliyokaribu kabisa na betri yenyewe.

Mstaafu wa Zimamoto, Mbeya

Fundi amesema vizuri, nami naongeza upande wangu. Kilichonitisha katika maelezo yako ni mbao. Inveta inaweza kuungua na kuzimika yenyewe bila kuleta msiba, lakini iliyofungwa juu ya msonobari mkavu inalipeleka jengo zima. Mbao hizo ziondoeni, wekeni bodi ya saruji au acheni tofali tupu, na msihifadhi katika chumba hicho magunia ya pumba wala madumu ya mafuta. Chumba cha umeme kwa watu wengi hugeuka stoo, na hilo nimeliona mara nyingi mno.

Mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi unafaa kwa vifaa vya umeme na hauachi uchafu. Wa poda nao unazima, ila poda inaingia ndani ya vifaa, inavuta unyevu na kuviharibu. Uwekwe nje, kando ya mlango, kwa sababu hakuna atakayeingia kwenye moshi kuutafuta, na gesi hiyo ndani ya chumba kidogo inamnyima pumzi hata anayeitumia. Ndoo ya maji isiguswe. Mchana, hata mkizima kila kitu, waya kati ya paneli na swichi zinabaki na umeme maadamu kuna mwanga, kwa hiyo swichi ya kukata umeme wa paneli iwe nje ya chumba, iandikwe kwa herufi kubwa, na mlinzi wa zamu aoneshwe kwa mkono jinsi ya kuizima.

Betri za lithiamu zikianza kutoa moshi, msipigane nazo. Gesi haizuii joto linalozalishwa ndani ya seli, na moshi wake ni sumu. Tokeni, fungeni mlango, pigeni 114, kisha kaeni upande ambao upepo unatokea.

Msimamizi wa Maziwa, Rungwe

Shikamoo mzee, na asante sana fundi. Nilileta fundi mwingine mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akakagua boksi lote. Swichi mbili kati ya nne zilikuwa zimefungwa kinyume, ikiwemo ile mpya, na lagi moja ya betri (kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya) ilizunguka kwa kuisukuma kwa kidole. Nilisimama pale nikiwaza kwamba watoto wa wafugaji hupumzika kwenye ukuta ule ule wakisubiri mama zao wapimiwe maziwa. Mbao tumeshaziondoa, na mtungi unanunuliwa wiki hii. Kimtungi cha ndani ya boksi kamati imekiahirisha mpaka swichi ya nje ifungwe.

Mkulima wa Makete

Naomba niongeze jambo la huku kwenye baridi. Volti za paneli hupanda hewa inapopoa, na volti zinazoandikwa kwenye lebo ya paneli hupimwa kwa nyuzi joto 25. Paneli zangu zina volti 49.5 kila moja. Kumi zilizoungwa moja baada ya nyingine katika mstari mmoja ni volti 495, na inveta yangu inapokea mwisho 500, basi fundi akaridhika. Asubuhi moja ya Julai, barafu ikiwa bado kwenye majani, jua lilipochomoza inveta ililipuka kwa kishindo na moshi mweusi. Kwa paneli zangu volti hupanda kwa asilimia 0.28 kila nyuzi moja inaposhuka, hivyo kwenye nyuzi 0 mstari ule ulikuwa karibu 530. Ndugu msimamizi, mna paneli ngapi kwa mstari?

Msimamizi wa Maziwa, Rungwe

Nimesoma lebo sasa hivi kwa tochi. Ni kumi, volti 49.5, na kikomo cha inveta ni 500. Kwetu asubuhi za Juni hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Hiyo nayo ni hatari?

Fundi wa Mafinga

Ni hatari. Kwa nyuzi 10 mnafika takribani 516. Toeni paneli moja katika kila mstari, na kama mistari miwili inaingia kwenye mlango mmoja wa inveta, itolewe idadi ileile pande zote ili volti zilingane. Kazi hiyo ifanyike jioni au alfajiri kabla ya jua, swichi ya paneli ikiwa imezimwa, na koneka (plagi za waya za paneli) zisichomolewe wakati zimebeba umeme.