Mkataba wa kuuza umeme wa sola gridini: nisaini au nisubiri?

BiSafina

Habari zenu wakuu. Nina paneli kumi juu ya paa, jumla kilowati 4, na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa nyumbani) imeshafungwa ukutani ila haijaunganishwa na gridi. Nimeletewa mkataba: kila uniti nitakayoingiza gridini nalipwa kwa bei iliyopangwa na serikali, kwa miaka 20. Mume wangu hataki. Anasema serikali leo inalipa, kesho inafuta. Mimi nimestaafu, na paneli hizi ni kiinua mgongo changu, sina kingine. Mliokwisha kusaini, bei ikishushwa huko mbele na nyinyi mnashushiwa? Na je, mchana nijinyime matumizi ili niuze zaidi?

DaftariLaMita

Shikamoo Bi Safina. Nina mkataba kama huo, huu mwaka wa saba, paneli 12, na kila Jumamosi asubuhi naandika namba za mita kwenye daftari. Hofu ya mzee ina msingi, lakini kuna mambo mawili hapo: kuwapunguzia bei wanaoingia, na kuwapunguzia waliomo. La kwanza hutokea karibu kila mahali na halikuhusu. La pili ndilo la kuogopa.

Ujerumani walipitisha sheria yao mwaka 2000. Ukiwasha mtambo leo unapewa bei ya leo, na inakaa hiyohiyo miaka 20. Aliyekuja baadaye alipata pungufu, maana paneli nazo zilikuwa zinashuka bei, ila wa mwanzo hakuguswa. Kundi la kwanza kabisa lilimaliza muda wake mwisho wa 2020. Uingereza walianza Aprili 2010, wakafunga mlango kwa waombaji wapya mwisho wa Machi 2019, na waliokuwa ndani wanaendelea kulipwa.

Hispania ndiyo inayompa mzee haki. Januari 2012 walisimamisha malipo kwa mitambo mipya, na mwaka 2013 wakafuta bei za zamani hata kwa waliokwisha kujenga. Kuna waliokuwa wamekopa benki kwa hesabu ya bei ile.

Kwa nini huku ilishika na kule ikavunjika? Mimi naangalia fedha zilikotoka. Ujerumani kwa miaka mingi gharama iliwekwa kwenye bili za watumiaji, wazi, kiasi fulani kwa kila uniti, mpaka walipoiondoa huko Julai 2022 na kuihamishia bajeti ya serikali. Hispania bei ya umeme kwa mtumiaji ilishikiliwa chini ya gharama halisi, deni likarundikana mwaka hadi mwaka, na lilipowazidi wakaligeuzia kwa wenye mitambo. Kwa hiyo mama, kabla ya kutazama bei, tafuta mambo mawili kwenye mkataba: nani anatoa pesa, na kama kuna kifungu kinachoruhusu bei yako ibadilishwe katikati.

Kuhusu kujinyima mchana: usijinyime mpaka umelinganisha bei mbili. Kama uniti unayonunua ni ghali kuliko unayouza, basi uniti uliyotumia mwenyewe ndiyo iliyokupa faida zaidi. Mimi nafua saa sita na pampu ya maji inapanda muda huohuo. Kama bei ya kuuza ndiyo kubwa, geuza hesabu.

KijanaWaBetri

Mama, mimi ningenunua betri niachane na mikataba ya watu. Umeme wako, unautumia usiku. Basi.

DaftariLaMita

Mdogo wangu, betri ni nzuri lakini inachakaa kabla ya paneli, na mama kasema pesa ni ya kiinua mgongo. Betri anaweza kuongeza baadaye. Mkataba ukifungwa kwa wapya, haurudi.

Bi Safina, kuna jambo moja sikuambiwa na mtu na liliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza, siku za jua kali kabisa, daftari lilionyesha uniti chache kuliko siku za mawingu mepesi. Nikadhani paneli zimeharibika. Mchana mmoja nikaketi mbele ya inveta: volti 249, 251, 253, kisha taa ya kijani ikazima. Dakika chache ikawaka, ikapanda tena, ikazima tena. Ili kusukuma umeme gridini, inveta lazima iinue volti kidogo juu ya ile iliyo kwenye waya, na nyumba yangu iko mwisho wa laini, ambako jirani wengine nao wana paneli. Ikifika kikomo inajizima kwa usalama. Na uniti ambayo haikuzalishwa hakuna anayekulipa. Nilipoteza miezi mitano ya saa sita mchana kabla hawajaja kushusha volti kwenye transfoma. Kwa hiyo omba wapime volti kwako mchana wa jua, kabla hujasaini.

BiSafina

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimesoma tena jana usiku na mzee pembeni yangu, kwa miwani yake. Kifungu cha 9 kinasema "bei itapitiwa upya kila baada ya miaka mitatu". Hakisemi ni bei ya nani, yangu au ya wanaoingia wapya. Mzee kakipigia mstari mwekundu.

DaftariLaMita

Mzee kaona vizuri sana. Hapo ndipo pa kusimamia. Waombe waandike kwamba mapitio hayagusi mitambo iliyokwisha kuunganishwa, na tarehe ya kuunganishwa iandikwe kwa mkono kwenye nakala yako, isainiwe. Wakijibu kwa mdomo tu kwamba "haikuhusu", usisaini.

BiSafina

Jumatatu naurudisha. Mzee kasema atakuja na mimi, na wakikubali kuandika, atasaini kama shahidi. Volti watapima Jumatano saa sita.