MREJESHO: Hilux yangu kwenye dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya gari)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama Hilux yangu ya dizeli, injini ya lita 2.8, ya manyuo (gia za mkono), isiyoguswa chochote, kweli inatoa kilowati 130 za kitabuni. Jana tumeipandisha kwenye rola za mashine hiyo, ikafungwa mikanda, fundi akakanyaga mafuta gia ya 4, ambapo propela (mhimili wa kupeleka nguvu nyuma) inazunguka sawa na injini. Mara tatu: kilowati 107, 108, 108. Nikanywea! Kumbe kitabu kinahesabu nguvu ya injini yenyewe, rola inapima kwenye tairi. Giaboksi, propela na difu (gia za kwenye ekseli) vimekula kama asilimia 17, kawaida kabisa. Ile chipu ya kuongeza nguvu niliyotaka kununua nimeiacha dukani. Ila ea klina (kichujio cha hewa ya injini) ilikuwa imejaa vumbi (aibu yangu), nimebadilisha. Kupima tena, hela iliisha.